Siku Moja Maishani Mwangu: Kuirudisha Buruburu Mwaka 1984

Saa kumi na moja alfajiri lori letu limeegeshwa langoni, injini ikiwa imezimwa ili tusiwaamshe wenyeji. Mimi ni msaidizi katika idara ya sanaa ya filamu, na Jumamosi hii kazi yetu ni kuzifanya nyumba tisa za Buruburu, mashariki mwa Nairobi, zionekane kama zilivyokuwa mwaka 1984. Mtaa ulianza kujengwa miaka ya 1970, na vigae vyake vyekundu bado vipo. Kinachotusumbua ni vyote ambavyo wakazi wameongeza tangu hapo.

Saa kumi na mbili tunaanza kuondoa. Wengi hudhani kwamba kutayarisha mandhari ya filamu ni kujenga, ilhali katika mtaa unaokaliwa na watu sehemu kubwa ya kazi ni kuficha. Dishi za setilaiti zinashushwa moja baada ya nyingine, huku mimi nikichora ukutani kwa chaki mahali kila moja ilipoelekea, na juu ya paa tunasimamisha antena za miti mirefu. Matangi meusi ya plastiki yanafunikwa turubai. Kibanda cha M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007, kinazungushiwa mabati na kuwa duka la mafuta ya taa. Nyaya za umeme zilizo juu ya kuta hatuna ruhusa ya kuzigusa, kwa hiyo mpiga picha amekubali, kwa shingo upande, kwamba kamera isiinuliwe kupita madirisha ya chini.

Saa mbili ninapaka lango moja la buluu rangi ya kijivu, rangi ya maji iliyochanganywa na sabuni. Mwenye nyumba ametia sahihi mkataba na kulipwa, lakini anasimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

“Mwanangu, hiyo itatoka kweli?”

“Itatoka, mama. Jioni nitakuja mwenyewe na mpira wa maji.”

Saa nne inafika Peugeot 504, nasi tunaibadilisha namba, kwa kuwa mwaka 1984 namba za magari ya Kenya hazikuwa na herufi ya mwisho tuliyoizoea leo. Hapo nilijiona hodari, hadi mzee mmoja wa mtaa alipoziona pakiti za maziwa ya Nyayo nilizowaandalia watoto wa kwenye onyesho. Maziwa hayo ya shule yalianza kugawiwa mwaka 1979, na kila aliyeyanywa anakumbuka pakiti zake za pembe tatu. Mimi nilikuwa nimeleta maboksi ya mstatili. Mzee hakunicheka. Aliomba karatasi, akaikunja mara tatu, akanikabidhi mfano, na kwa saa nzima wasaidizi wanne tulikaa kwenye ngazi tukikunja na kugundisha.

Adhuhuri jua la utosini halina kivuli cha kufaa, hivyo wanapiga picha za ndani nasi tunakula.

Saa kumi onyesho la barabarani linarudiwa mara sita, mara mbili kwa sababu ya bodaboda aliyepita licha ya askari na kibali chetu. Sikumlaumu sana, barabara ni yake kabla haijawa yetu. Saa kumi na mbili na nusu giza linaingia upesi, kama kawaida ya huku kwetu, na mwongozaji analazimika kuacha.

Ninaosha lango. Rangi inatoka yote, pamoja na vumbi la miaka, hata jirani anauliza kama lake nalo litaoshwa. Kwa bahati mbaya maji yangu yameruka hadi ukutani na kufuta alama za chaki, na mpira wa miguu unaanza saa mbili usiku. Ndiyo maana hadi saa mbili kasoro dakika tano nilikuwa juu ya ngazi nikilizungusha dishi polepole, na baba mmoja akipiga kelele kutoka sebuleni: “Bado! Bado! Rudisha kidogo… hapo hapo!”