Jina la Boit huko Sjusjøen

Ukiwaambia watu wa Norwe kwamba umetoka Eldoret, mji wa Kenya unaojulikana kwa wakimbiaji, watakuuliza kama unakimbia. Mimi sikimbii. Nilikwenda Oslo kufanya kazi ya kutunza wazee, na miezi ya baridi ya mwaka wa kwanza ilinielemea, maana mwezi wa Desemba jua la kule huzama saa tisa na robo alasiri. Unaingia zamu gizani, unatoka gizani.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenitoa ndani. Wazazi wake wana nyumba ndogo ya mbao Sjusjøen, milimani juu ya Lillehammer, mji ulioandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1994. Ijumaa moja ya Februari tulipanda treni baada ya kazi, tukafuata ukingo wa ziwa Mjøsa, na usiku tukawa tumeketi karibu na jiko la kuni. Baba mwenye nyumba, mzee wa miaka sabini na kitu, alinipa mkono na kuniuliza kwetu ni wapi. Nikamjibu, nikingoja lile swali la mbio.

Alisema neno moja tu: "Boit."

Philip Boit ni wa kwetu. Mike Boit, aliyeleta shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972, ni mjomba wake. Philip naye alikuwa mkimbiaji wa mita 800, na kabla ya kupelekwa Finland mwaka 1996 hakuwa amewahi kuona theluji. Mwaka 1998, huko Nagano, Japani, akawa Mkenya wa kwanza kushindana katika Olimpiki ya majira ya baridi, katika mbio za ski, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Nyumbani niliwahi kusikia akitajwa kwa kicheko: yule wa mwisho kabisa.

Mzee hakucheka. Alisimulia kama mtu anayesimulia jambo la ukoo wake. Bjørn Dæhlie wa Norwe, aliyeshinda, alimaliza kilomita 10 kwa dakika 27, Boit kwa dakika 47. Kwa dakika zote hizo 20 Dæhlie alisimama kwenye baridi akimngoja, utoaji wa medali nao ukangoja, mpaka Boit alipovuka mstari wakakumbatiana. Mzee alisema alichokikumbuka zaidi kwenye televisheni ni mikono ya Boit, namna alivyoendelea kusukuma fimbo kwa nguvu wakati hakukuwa tena na mtu wa kushindana naye. Nikamwambia kwamba Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Hakuwa na habari. Akainuka kwenda kumwita mkewe jikoni nirudie mbele yake.

Asubuhi alinipakia nta chini ya ski, pale katikati ambapo mguu hukaa. Aina ya nta huchaguliwa kwa kipimo cha baridi: kijani kwa baridi kali, buluu ikipungua, zambarau theluji inapokaribia kuyeyuka. Ikikosewa, ski hurudi nyuma kilimani. Kisha tukaingia njiani, kwenye mifereji miwili iliyochongwa na mashine, tambarare nyeupe pande zote.

Hapo mwili wangu ulielewa. Nimezaliwa juu, zaidi ya mita 2,000, kifua hakinisumbui. Lakini mchezo ule hudai mabega, mgongo na nyonga kwa pamoja, na kilima kikisimama unapanda vidole vikitazama nje, visigino ndani, kila hatua ukiizuia isiteleze. Miguu ya mtu wa mita 800 haikufunzwa hivyo. Boit alijifunza yote akiwa mtu mzima, katika miaka miwili, kisha akasimama mstari mmoja na watu walioanza wakiwa watoto. Na hakuishia Nagano. Alishindana tena Salt Lake City mwaka 2002 na Turin mwaka 2006. Naona tumemkosea kwa kicheko kile. Watoto wa Eldoret wanaofundishwa jina la Kipchoge Keino wafundishwe na la huyu.

Jumapili jioni, ndani ya treni, nilimpigia mdogo wangu anayefanya mazoezi ya mbio Iten. Nikamweleza kuhusu nyumba, mzee na Boit. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Vilima vya huko ni virefu kuliko vya huku?" Nikamwambia si virefu. Nikaanza kumweleza habari ya mabega.