Siku niliyompeleka Kaka Burg Eltz

Kaka alikuja kunitembelea Koblenz, Ujerumani, mwezi wa kumi, miezi minane baada ya msiba wa baba. Kwenye simu tulikuwa tumebakiwa na salamu tu. Yeye alitaka nyumba ya baba iuzwe tugawane fedha. Mimi nilikataa katakata. Nikaona kuliko kushinda ndani tukitazamana, twende Burg Eltz, ngome ya kale.

Tulishuka treni Moselkern tukaufuata mto Elzbach msituni, kimya, zaidi ya saa nzima. Halafu miti ikaachana, na ngome hiyo hapo, juu ya mwamba wa mita 70, mto umeizunguka pande tatu, minara na mapaa yamebanana kama mji mzima uliosombwa ukawekwa juu ya jiwe.

"Hii ni ya nani?" Kaka akauliza.

"Ya ukoo wa Eltz. Mpaka leo."

Nikamweleza. Mwaka 1157 Rudolf von Eltz alikuwa shahidi katika hati ya Kaisari Friedrich Barbarossa. Kuanzia 1331 Balduin, Askofu Mkuu wa Trier, aliwapiga vita, akajenga ngome ndogo kilimani juu yao ili awarushie mawe. Amani ilipopatikana walikubali kuwa chini yake, lakini ngome haikubomolewa. Ila mimi habari inayonishika moyo ni ya 1268. Ndugu watatu, Elias, Wilhelm na Theoderich, waligawana ngome na ardhi yake, wala hawakuuza. Kila tawi likajenga nyumba yake ndani ya ukuta uleule, zote zikizunguka ua mmoja mwembamba. Walitambulishana kwa ngao: Simba wa Dhahabu, Simba wa Fedha, Pembe za Nyati. Wakaandikiana mikataba ya kuishi kwa amani. Mwaka 1815 ndipo tawi la Simba wa Dhahabu lilipobaki na ngome yote.

Ndani, mwongozaji alitusimamisha kwenye ukumbi ambamo matawi yote yalikutana. Ukutani kuna sura za wachekeshaji wa mabwana, maana yake humu kila mtu aseme lililo moyoni bila hofu. Juu ya mlango kuna waridi: lililosemwa humu lisitoke nje. Nilikuwa namtafsiria Kaka, na nilipofika kwenye waridi sauti ikanikwama. Mimi ndiye niliyekuwa nimeyapeleka maneno yake kwa mashangazi.

Hakusema kitu. Akauliza tu kama kila nyumba ilikuwa na jiko lake. Tulikuwa tumeshaoneshwa jiko la akina Pembe za Nyati, nikamwambia nadhani ndiyo.

Njiani kurudi stesheni aliokota kijiti, akachuchumaa penye udongo laini, akachora nyumba ya baba: ukumbi, vyumba vinne, uani.

"Mdogo wetu apewe upande wa barabarani, afungue duka lake," akasema. "Wewe unataka upi?"