Matembezi ya ndege Mida mwezi Oktoba: ninavyoyapanga kwa kufuata maji

Msituni ndege hutafutwa alfajiri. Kwenye hori la Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu pale Watamu, pwani ya Kenya, alfajiri si kitu. Maji ndiyo yanayoamua. Kuanzia Agosti ndege wa pwani wanaoikimbia baridi ya Siberia hushuka hapa kula, na ukimleta mgeni bahari ikiwa imekupwa kabisa ataona vidoa tu upande wa pili wa tope.

Naanza na mwezi. Siku mbili hivi baada ya mwezi kuandama au kupevuka, maji hujaa kwenye saa kumi na moja unusu jioni. Hiyo ndiyo siku yangu: bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, bado lina nguvu ya kuwasukuma ndege karibu, na jua limeshapoa. Maji mafu, yale yasiyojaa sana wala kupwa sana, siyapendi, kwani tope kubwa hubaki wazi na ndege hawana sababu ya kusogea. Jedwali la maji la Mombasa linatosha, ila kumbuka hori lina mlango mwembamba, hivyo maji huchelewa kuingia ndani.

Tunakutana saa nane unusu, watu wasiozidi wanane. Viatu viwe vya kufunga kwa kamba. Ndala hubaki topeni, na kwenda pekupeku ni kujitakia, maana chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko hukata kama wembe. Mguu ukinasa usiuvute wima. Inua kisigino kwanza, hewa iingie chini, ndipo uuchomoe.

Kaa ndio wa kwanza kutazamwa, kwa sababu maji yakikaribia wengi huziba mashimo yao kwa tope na kujifungia. Chagua pahali penye vidonge vidogo vya mchanga vilivyozagaa kandokando ya mashimo: ni mabaki ya mlo, kaa akishachuja chakula hutema kilichobaki. Kaeni chini hatua tatu kutoka hapo, kivuli chenu kisiangukie mashimo, msitingishe miguu. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Dume ana gando moja kubwa analolipunga. Jike ana mawili madogo, na ndiyo maana jike hula upesi zaidi. Hapohapo chini ya mikoko utakuta tondo, konokono wa mikokoni, na vile visamaki vyenye macho juu ya kichwa vinavyorukaruka topeni. Wengi huharakisha sehemu hii wakidhani ndege ndio matembezi yenyewe. Kwangu mimi nusu saa hapa si nyingi.

Saa tisa unusu wote tuwe tumeshatoka topeni na kupanda daraja la mbao linalopita kwenye mikoko. Hili silijadili na mtu. Maji hayaji kwa mbele peke yake. Hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako.

Mwisho wa daraja nasimamisha darubini ya miguu mitatu, nikianza na ukuzaji wa mara 20. Ukipandisha hadi 60 wakati tope bado lina joto, hewa huchezacheza na ndege huonekana kama yuko majini. Darubini za mkononi za 8x42, zinazokuza mara nane, zinatosha kwa kundi zima.

Sululu ni rahisi: mkubwa, mdomo mrefu uliopinda chini. Chamchanga wa Terek mdomo wake umepinda juu, miguu ya manjano, na hukimbia ameinama kama aliyeangusha sarafu. Wadogo wa kijivu ndio wanaochanganya watu. Usiangalie rangi, angalia mlo. Anayedunga tope mfululizo ni chamchanga, anayekimbia, akasimama, kisha akadonoa ni kiterera. Mwenye mgongo mweusi, mwili mweupe na mdomo mnene mweusi ni mla kaa, Dromas ardeola, anayezaliana pwani za Uarabuni na Somalia na kutaga shimoni mchangani. Mtafute mwenye mgongo wa kijivu akimfuata mkubwa na kulilia chakula: ni kinda, bado analishwa ingawa amesharuka safari yote hiyo.

Ndege wakiacha kula na kuinua vichwa wote kwa pamoja, tumewakaribia mno au mtu amepaza sauti. Nawaambia wakae kimya, kusiwe na anayenyoosha mkono. Kundi likiruka bure linachoma mafuta ya mwilini liliyokuja kuyatafuta.

Tope likifunikwa ndege huondoka kwenda kupumzika, na darubini hukunjwa.