Siku Kihisi Kilipogoma Kutoka

Nilipowekewa kihisi cha kupima sukari ya damu chini ya ngozi mwaka 2023, katika kliniki moja ya Minneapolis, kazi ilikwisha kabla sijapata muda wa kuogopa. Ni kijiti cha urefu wa milimita 18 hivi, kilichozikwa nyuma ya mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Juu yake hubandikwa kifaa kinachokipa nguvu, kinachopeleka vipimo kwenye simu na kutetema sukari inaposhuka. Kila nilipomtajia mama yangu aliyeko Tanga kwamba leo nina 140, kwa hesabu ya Marekani ya miligramu kwa desilita, alishtuka, hadi nikazoea kumgeuzia katika hesabu ya nyumbani ya milimoli kwa lita, yaani 7.8.

Siku 180, ambazo ndizo umri wa kihisi hicho, zilipotimia, nilirudi kutolewa. Daktari alipapasa penye kovu, akasita, akapapasa tena. Nilikuwa nimenenepa, na kijiti kilikuwa kimezama. Alinilaza ubavu, akachora alama kwa kalamu, akanichoma sindano ya ganzi, ambayo kwa kweli ndiyo iliyouma kuliko yote, kisha akachana ngozi kidogo na kuingiza kibano. Sikusikia maumivu, nilisikia kuvutwavutwa, kama mtu anayetafuta sarafu katika mfuko wa shati ulilolivaa. Baada ya kuhangaika kwa muda akakiri kwamba hakioni, akaagiza mashine ya altrasaundi, ileile wanayopimiwa wajawazito, na hapo kikaonekana, mstari mweupe uliolala mshazari.

Akakandamiza ncha ya mbali kwa kidole gumba mpaka ncha ya karibu ikainua ngozi, akakata utando mwembamba ambao mwili hukifumia kitu chochote kigeni, na safari hii kibano kikashika. Kilipowekwa juu ya shashi nilishangaa: baada ya hekaheka zote zile, kilikuwa kama kokwa ya tende, chembamba zaidi, kikiwa na pete laini yenye dawa ya kuzuia uvimbe. Kidonda hakikushonwa, kilibanwa kwa vipande vya plasta tu.

Kihisi kipya kiliwekwa mkono wa kushoto saa ileile, lakini hakianzi kusoma mpaka zipite saa 24. Usiku mama alipopiga simu na kuuliza, "Leo ngapi, mwanangu?", ilinibidi nimwombe asubiri, nikachome kidole kwanza.