120 ya yaya na 180 yangu

Jumapili iliyopita tulikula kwa yaya, dada yangu mkubwa, huko Kadutu, mtaa wa Bukavu, tukaishia kugombania namba: mimi mwenye kisukari, sukari ya damu baada ya kula isipite ngapi? Chakula kilikuwa fufu ya muhogo, sombe (majani ya muhogo) na sambaza, vile visamaki vidogo, wa kukaanga. Nilijitahidi: fufu kidogo, sombe nyingi. Saa mbili zilipotimia tangu tuanze kula, nikatoa kimashini cha kupimia sukari, nikajitoboa kidole. 171. Nikatabasamu. Yaya akachungulia, akasonya.

"Mia na sabini na moja, na wewe unacheka? Mimi daktari aliniambia isipite mia na ishirini!"

Kweli aliambiwa hivyo. Lakini aliambiwa akiwa na mimba ya kitinda mimba wake, alipopata kisukari cha ujauzito. Kule wanabana: isifike 140 saa moja baada ya kula, isifike 120 baada ya saa mbili, maana sukari ya mama inapita kwenye kondo hadi kwa mtoto, na mtoto ananenepa kupita kiasi tumboni. Mimi ni fundi cherehani wa miaka 54. Mimba sina, ingawa tumbo lipo.

Daktari wangu aliniandikia "1,80 g/l", yaani 180 kwenye kimashini, kinachohesabu kwa mg/dl. Ndiyo namba ambayo Chama cha Kisukari cha Marekani kinawapa watu wazima wengi wenye kisukari, wabaki chini yake saa moja au mbili tangu waanze kula. Tangu kuanza, siyo tangu kunawa baada ya kula. Miezi mingi mimi nilikuwa nahesabu kuanzia nilipomaliza, na kwa yaya kumaliza kula kunachukua saa nzima, kwa sababu ya maneno.

"Huyo daktari anakuendekeza," akasema. Hapo alinibana kidogo, kwa sababu Shirikisho la Kimataifa la Kisukari mwaka 2007 liliandika 140, halafu mwaka 2011 likapandisha hadi 160. Wakubwa wenyewe hawajakaa kwenye namba moja. Shemeji, ambaye hana sukari, akatupatanisha kama watu wanaovutana bei ya kitenge: "Basi, mia na hamsini, tumalize!"

Ila mimi 120 nimeshaijaribu. Mwaka jana nilimsikiliza yaya, nikaacha mkate asubuhi, nikawa nakunywa chai kavu bila sukari, huku glibenklamidi nameza ileile. Dawa hiyo inaisukuma kongosho itoe insulini, ile inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Siku moja, saa nne asubuhi, natia uzi kwenye sindano, uzi hauingii. Mara ya pili, hauingii. Mkono unatetemeka, kijasho chembamba kinadondokea koti la bwana harusi. Nikapima: 58. Chini ya 70 ni hatari tayari. Kijana ninayemfundisha kazi akakimbia kuleta sukre, yaani soda, nikanywa nusu chupa, baada ya robo saa ikawa 83. Daktari hakunisifu. Alinipunguzia kidonge, akanirudishia mkate, kipande kimoja.

Nilipomaliza kusimulia, yaya akanyamaza, lakini si kwa muda mrefu. Akataka nipime tena, mbele yake, kidole kingine. 264! Nyumba nzima ikapiga kelele, hadi jirani akauliza kuna nini. Nikatazama vidole vyangu: nilikuwa nimetoka kumenyea watoto embe. Nikanawa kwa sabuni, nikajikausha vizuri, nikapima mara ya tatu. 182.

Niliwaeleza kwamba vimashini vya nyumbani, sukari ikiwa 100 au zaidi, vinaruhusiwa kukosea hadi asilimia 15, juu au chini, kwa hiyo 171 na 182 ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliyenisikiliza. Yaya alikuwa anapiga makofi: "Hata hiyo yako umeipita!"

Bandeleti tatu, vile vijikaratasi vya kutia damu kwenye kimashini, kwa mlo mmoja, na mimi ndiye ninayezinunua.

Shemeji akasema twende tukatembee, miguu nayo inakula sukari. Hilo ni kweli, misuli ikifanya kazi inaichukua kutoka kwenye damu. Tukashuka hadi barabara kubwa, tukapanda tena taratibu, yaya akihema kuliko mimi. Tuliporudi sikupima, zimebaki bandeleti mbili. Ijumaa naenda kwa kipimo kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, mara ya mwisho kilitoka asilimia 7,2. Yaya ameshasema atanisindikiza, ana maneno na daktari kuhusu 120.