Nilivyochagua seti yangu ya kwanza ya taroti nikiwa Kisumu

Kilichoniamulia ni zile karata 40 za namba. Seti kamili ya taroti, yaani karata za picha ambazo watu huzisoma maana au kutabiria, ina karata 78: kuu 22, kuanzia Mjinga hadi Dunia, na ndogo 56 za aina nne, yaani vikombe, panga, fimbo na sarafu. Kila aina ina karata 10 za namba na nne za watu: mtumishi, mpanda farasi, malkia na mfalme. Wauzaji hupenda kuonyesha zile kuu, Jua, Mwezi, Kifo, kwa sababu ndizo zenye mapambo. Lakini hizo huchorwa vizuri karibu kila mahali. Anayeanza hukwama kwenye namba, na namba ni zaidi ya nusu ya seti.

Kwa hiyo kila muuzaji nilimwomba picha za karata tatu tu: tano ya vikombe, sita ya panga na nane ya panga. Nikiona tukio, watu na wanachofanya, naendelea na mazungumzo. Nikiona vikombe vitano vimepangwa tu kama kwenye karata za kawaida, naachana naye.

Mchoro ambao seti nyingi za leo hufuata ulitoka London mwaka 1909. Arthur Edward Waite ndiye aliyeutunga, Pamela Colman Smith akauchora, kampuni ya William Rider ikauchapisha. Itazame sita ya panga yake. Mtu amesimama nyuma ya mashua akiisukuma kwa upondo. Mbele yake ameketi mwanamke aliyejitanda nguo, na mtoto kando yake. Panga sita zimesimama wima ndani ya mashua. Maji ya upande mmoja yana mawimbi, ya upande wa pili yametulia. Mtu aliyezoea kuona mashua zikitoka Dunga, ufuko wa wavuvi wa Kisumu, hahitaji kitabu kumweleza kwamba hapa kuna safari ya kuacha taabu, na kwamba mzigo nao umesafiri pamoja na abiria. Katika nane ya panga mwanamke amefungwa macho na mikono, panga zimemzunguka, lakini miguu yake haikufungwa. Ndivyo picha inavyokufundisha maana bila kukariri orodha.

Taroti ya Marseille ni nzuri na ni ya kale zaidi, ila namba zake hazina matukio. Pia ndani yake karata kuu ya Haki ni ya 8 na ya Nguvu ni ya 11, wakati Waite alizibadilishana nafasi. Ukisoma mwongozo wa upande mmoja ukiwa na karata za upande mwingine, utachanganyikiwa wiki ya kwanza. Seti ya Thoth, iliyobuniwa na Aleister Crowley na kuchorwa na Frieda Harris, ikachapishwa kama karata mwaka 1969, haina mfalme wala mtumishi: ina mpanda farasi, malkia, mwanamfalme na binti mfalme. Hizo mbili niliziweka za baadaye.

Kabla ya kulipa, zitazame zote 78 kwenye simu. Michoro ya 1909 inapatikana bure intaneti. Mimi nilipenda pia kuzichapisha saiba, kwa sababu karata ya mkononi si sawa na ya kwenye skrini. Kipimo cha kawaida cha taroti ni milimita 70 kwa 120, na kwa ukubwa huo A4 moja hubeba nne tu. Punguza hadi 63 kwa 108, umbo halibadiliki, na zitaingia sita kwa ukurasa: kurasa 13 kamili. Mwambie mhudumu achape kwa ukubwa halisi, la sivyo printa itazipunguza yenyewe ili zitoshee. Tumia karatasi ya manila na printa ya leza. Wino wa maji hupakaza ukishikwa na mkono wenye jasho. Upande wa nyuma uache mtupu. Pande mbili haziangukiani sawasawa, na ukingo ukipishana kidogo tu utaanza kuitambua karata kabla hujaifunua.

Ukubwa ulinifaa kuufikiria mapema. Karata ya kawaida ya kuchezea ni 63 kwa 88, hivyo taroti ni ndefu kwa mkono mdogo. Karatasi ya gramu 300 hadi 350 kwa mita mraba inatosha. Nyepesi zaidi hujikunja, na Kisumu unyevu wa ziwa huzikunja haraka, hasa msimu wa mvua. Zile zenye plastiki ya kung'aa hunatana joto likipanda. Nilipendelea zisizong'aa, nikaziweka kwenye boksi lake pamoja na kifuko kimoja cha zile chembe za kufyonza unyevu zinazokuja na viatu.

Maduka ya vitabu niliyoingia mjini hayakuwa nazo, kwa hiyo niliagiza Nairobi na kifurushi kikaja kwa basi. Mwombe muuzaji video fupi akizitandaza, wala si picha ya boksi. Dalili za nakala bandia ni hizi: maandishi madogo yenye ukungu, picha iliyokatwa pembeni, rangi zilizokolea kupita kiasi, na msimbo wa kuskani mahali pa kijitabu. Lipa ukishapokea inapowezekana.

Husemwa kwamba seti ya kwanza lazima upewe zawadi. Nilijinunulia, na zinasomeka vizuri tu. Na nyumbani wakiuliza kama ni uganga, ni haki yao kujibiwa kwa heshima: karata hizi zilianza kama mchezo kaskazini mwa Italia karne ya 15, matumizi ya kutabiri yakaenea Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18.

Kifurushi kikifika, zitenge mafungu matano mezani: 22, kisha 14 mara nne. Fungu likipungua au karata ikijirudia, rudisha siku hiyo hiyo kabla hujazichanganya. Mwisho geuza moja juu chini na utazame mgongo wake. Mchoro wa mgongo usipofanana juu na chini, hutaweza kusoma karata zilizopinduka, yaani zinazotoka kichwa chini, bila kujua mapema ipi imepinduka.