Utando Uliotokea Tezini

Mara ya kwanza niliuona saa tisa alasiri. Boti ilikuwa imefungwa gatini, mashine haijawashwa tangu jana yake. Nyuma kabisa, tezini, palikuwa na kipande cha maji cha ukubwa wa mkeka, kinametameta rangi za upinde wa mvua. Nikatafuta kijiti. Maji yaliyotulia huweza kutanda utando wa bakteria unaofanana sana na mafuta, lakini ukiuchokoa unakatika vipande kama kigae, na vipande hivyo havirudiani. Huu wangu ulipasuka, ukazunguka kijiti, ukaungana tena. Na harufu ilikuwa ya petroli.

Boti ilikuwa ya Mjomba. Ni ya fibaglasi, urefu wake mita 6, tangi la lita 100 limejengewa chini ya sakafu, na mashine ya stroki nne imefungwa nyuma. Alikuwa ameniachia niitunze na kuitumia siku za mapumziko, nami dhamana ile niliibeba kwa moyo wote. Kila tukirudi jioni nilijaza tangi mpaka mafuta yaonekane shingoni, ili atakayefuata asikute pungufu. Kesho yake asubuhi naiosha, kuanzia omo hadi tezi.

Kwa kuwa utando ulikuwa tezini na mashine iko tezini, niliihukumu mashine. Nilifungua kifuniko chake, nikapapasa kila kiungo cha mpira wa mafuta. Pakavu. Nilibonyeza pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, nikasubiri kuona kama italegea. Haikulegea. Nikalegeza kizibo cha chini cha gia, maana uzi wa kuvulia ukijizungusha kwenye shafti ya propela hukata sili, maji yakaingia na oili ikatoka. Oili ya gia iliyoingiliwa na maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Yangu ilitoka safi, rangi ya asali. Hapo ningepaswa kuiacha mashine. Badala yake nilibadilisha chujio, kisha mpira wote kutoka kwenye tangi hadi kwenye mashine, kisha oringi za viungio. Siku mbili baadaye utando ukarudi pale pale.

Nikafanya jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Nilimwaga sabuni ya maji juu ya utando. Rangi zikatoweka papo hapo, na mimi nikaona nimesafisha.

Mjomba alikuja wiki iliyofuata. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasimama ukingoni mwa gati bila kupanda. Alivuta pumzi kwa pua, polepole.

"Mjomba, umewasha kitu chochote humo leo?"

"Bado, Mjomba."

"Usiguse swichi yoyote. Hata taa."

Alipanda peke yake, akainua vifuniko vyote vya sakafu, akavifungia kamba visianguke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara 3 hadi 4, kwa hiyo haupai. Hutelemka ukatuama ngamani, yaani chini kabisa ya boti chini ya sakafu, mahali penye nyaya na pampu na hakuna upepo. Ukifikia asilimia moja na nusu hivi ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha. Nilitaka kukimbilia kuchomoa waya wa betri, akanizuia kwa mkono. Kuchomoa waya wenye umeme ndani yake ni kutoa cheche. Kwanza hewa. Tuliketi gatini zaidi ya saa nzima, upepo ukipita ndani ya boti, ndipo akatoa waya wa betri.

Katika kungoja kule aliniuliza maswali ambayo sikuwahi kujiuliza. Siuoni lini? Nikafikiri: asubuhi sijauona hata mara moja. Nauona lini? Alasiri, siku za jua. Na baada ya nini? Nikasita. Kila mara ilikuwa siku inayofuata baada ya kujaza tangi.

Akashuka, akapiga magoti, akanionyesha tundu dogo tezini, shubiri moja kutoka ilipofungwa mashine. Ni pale pampu ya ngama inapotemea maji. Aliingiza ncha ya kitambaa, akakitoa, akaninusisha.

Miguu iliniishia nguvu. Pampu ile hujiwasha yenyewe maji yakiinua boya la swichi. Petroli ilikuwa ikidondoka ngamani, inaelea juu ya maji niliyoyaacha nikiosha, inaongeza kina kidogo kidogo, boya linanyanyuka, pampu inavuta maji kwanza na petroli mwishoni, inatema nje. Mimi niko juu nachokoa mashine, na chini ya miguu yangu umeme unajiwasha ndani ya mvuke. Pampu yenyewe imetengenezwa isitoe cheche nje, lakini kiungo cha nyaya zake nilikizungushia utepe mwenyewe mwaka mmoja nyuma. Sikulala vizuri usiku ule.

Tulikausha ngama yote kwa matambara, tukafuta kila bomba. Tangi lilikuwa limejaa, kwani nilikuwa nimelijaza jana yake kumpokea. Mjomba alisema hilo ndilo jambo jema pekee nililofanya: tatizo linalojitokeza tangi likijaa, huwezi kulitafuta tangi likiwa nusu. Akatandaza karatasi nyeupe chini ya kila kiungo, nyingine chini ya pembe za tangi, na kunipa kazi ya kuziangalia kila baada ya robo saa. "Oili inakungoja, inaacha doa," alisema. "Petroli ikilowesha karatasi inakauka na kwenda zake. Ukichelewa utasema hapakuvuja kitu."

Saa nne, karatasi zote kavu. Saa sita, kavu. Jua lilikuwa limepiga sakafu kiasi cha kutokanyagika bila viatu. Saa saba na nusu niliona duara la unyevu, dogo kama kucha, chini ya kona ya mpira mnene unaotoka kwenye mdomo wa kujazia kuelekea tangini. Nikamwita. Alipofika lilikuwa limeanza kufifia, kisha tone jingine likaanguka mbele ya macho yetu wawili.

Mpira ukiutazama kwa juu ulikuwa mzima. Mjomba alishusha kioo kidogo chini yake, na ndani ya kioo nikaona nyufa nyembamba upande wa tumbo, pale unapopinda, juu kidogo ya klipu. Alifuta vumbi akanisomesha maandishi ya ubavuni. Mwaka wa kutengenezwa ulikuwa wa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Kando yake palikuwa na alama A2. Nilikuwa nimepita juu ya herufi ile mara nyingi bila kujua maana yake. Mpira wenye alama A1 umetengenezwa kukaa na mafuta ndani yake saa zote. A2 ni wa kupitisha mafuta wakati wa kujaza tu, kisha ubaki mtupu.

Na mimi, wiki baada ya wiki, nilikuwa nikiuacha umejaa. Petroli inayotoka kwenye matangi ya chini ya ardhi huwa baridi. Ikipata jua inavimba, karibu lita 1 katika kila lita 100 kwa kila nyuzi 10 za joto. Tangi lililojaa hadi shingoni halina pa kuiweka lita hiyo, inapanda kwenye bomba la kupumulia na kwenye mpira wa kujazia. Jua likishuka inanywea, na kuvuja kunakoma. Ndiyo maana asubuhi nilikuwa nakuta kila kitu kikavu.

Kazi ya kutengeneza ilikuwa fupi kuliko ya kutafuta. Tulipunguza mafuta kwa pampu ya mkono, tukayahamishia kwenye madumu mbali na boti, tukatoa mpira wa zamani, tukaweka mpya na klipu mbili kila mwisho. Kiungo changu cha utepe kilikatwa, kikafungwa upya inavyotakiwa. Nilipomweleza habari ya sabuni, Mjomba alinyamaza kwanza. Kisha akasema, bila ukali: "Sabuni haiyatoi mafuta majini. Inayavunja yakazama, yakakae na samaki. Mara nyingine tandaza kitambaa cha kunyonya, uyatoe."

Tangu siku ile naishia lita 90.

Siku ya nne baada ya ukarabati, saa tisa alasiri, karatasi zikiwa kavu siku zote tatu, nilinusa ngama, kisha nikamwagia ndoo ya maji safi. Boya likanyanyuka, pampu ikalia. Nilikimbilia tezini nikachuchumaa na kijiti mkononi. Maji yakatoka kwa nguvu, kisha kwa kukohoa. Nikangoja matone ya mwisho, maana petroli ilikuwa ikija na yale. Yakaanguka, yakafanya mapovu, na mapovu yakapasuka moja moja.